Mguu wa Kushoto wa Ami Yangu

Juzi nilipita Ghubra, hapa Maskati, nikielekea Mabela, nikasimamisha gari pale ambapo zamani palikuwa na kiwanja chetu. Sasa pana duka la dawa na mahali pa kuoshea magari, na nyumba nyeupe zimebanana hata huwezi kujua goli lilikuwa wapi. Nilikaa dakika kumi hivi, kiyoyozi kikivuma. Jirani yetu wa zamani alikuwa mgonjwa, ameniita kwa mwanawe Mabela, nami sikuwa na haraka ya kufika, kwa sababu nilijua atanizungumzia nini.

Ninyi mliokulia kwenye majani hamkijui kiwanja kile. Kilikuwa changarawe tupu, kimechorwa kwa chokaa iliyopeperuka kabla ya mapumziko, na mchezaji aliyeanguka aliinuka bila ngozi ya goti. Ijumaa baada ya alasiri ulitoka mtaa mzima. Wanaume walisimama pembeni, sisi watoto wa kike kwa wa kiume tukipanda juu ya pikapu, na harufu ya mishikaki ikitufikia kutoka upande wa pwani. Wengi wetu tulikuwa watu wa Unguja tuliorudi Omani, kwa hivyo matusi ya uwanjani yote yalikuwa ya Kiswahili.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa winga wa kushoto. Maisha yake ya mpira nayajua kwa moyo, maana bibi yangu, mama yake, aliyasoma kama uradi. Alianza Unguja akiwa na miaka kumi na saba, na msimu wake wa kwanza ukakatizwa na mapinduzi. Akakaa miaka saba Dubai akibeba saruji na kucheza mchangani pasipo refa. Maskati ndiko alikopata timu na jezi, akafunga magoli ambayo watu waliyasimulia wiki nzima. Hayo yalidumu msimu mmoja na nusu. Kisha akaandikishwa jeshini, akapelekwa Dhofar vitani. Wenzake wakamfariji kwamba atachezea timu ya kikosi, na kweli aliichezea, mara tatu.

Alirudi likizo ya siku kumi, amekonda, akishtuka kila mlango ukigongwa. Timu ikamtaka kwa mechi ya Ijumaa. Sote tulifurahi isipokuwa bibi.

Jumatano bibi alipika mkate wa kumimina, akaufunika kawa, akanishika mkono tukaenda kwa jirani. Jirani alikuwa beki wa wapinzani wetu, kijana mpole nyumbani kwake, lakini uwanjani alikwisha kuvunja watu wawili. Bibi hakukubali hata kukaa.

"Mwanangu," alimwambia, "Ijumaa nnakuomba umvunje mguu. Mmoja tu."

Jirani alicheka, kisha akaona kuwa bibi hacheki.

"Bi mkubwa, yule ndugu yangu!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mguu utaunga. Kule anakorudi watu hawaungwi."

Jirani aliupokea mkate ule, akasema inshaallah. Kesho yake bibi alichana shuka nyeupe vipande vya kufungia, akatandika kitanda karibu na mlango. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hivyo msimcheke.

Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilichokipenda kwa ami ni mbio zake. Ijumaa, akifunga kamba za njumu barazani, nikamwambia.

"Ami, bibi kamwomba jirani akuvunje mguu."

Alicheka. Kisha akageuka akakitazama kile kitanda kilichotandikwa, na kicheko kikamwisha.

"Usimwambie bibi yako kama nnajua," alisema. Akafungua kamba, akazifunga upya.

Sijapata kuona mtu akikimbia vile. Kila jirani alipomjia, ami alikuwa keshapita, anajua mguu utatokea wapi. Alifunga magoli mawili. Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka, na moyoni nikajisifu kwamba mimi ndiye niliyemwokoa.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni tuliporudi. Alimtazama miguu kabla ya uso. Akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akaingia ndani kutandua kitanda.

Wiki tatu baadaye gari la ami lilikanyaga bomu la ardhini kwenye njia ya mlimani. Alizikwa huko huko.

Bibi hakumsema jirani kwa mtu yeyote. Salamu yake aliiitikia, kwa kuwa ni faradhi, lakini sahani hazikuvuka tena baina ya nyumba zile mpaka bibi alipokufa. Mdomo huponza kichwa, walisema wazee. Wangu ulimponza asiyekuwa na kosa. Nami nikanyamaza, mwanzo kwa woga, halafu kwa mazoea, na miaka hamsini si michache.

Mabela nilimkuta jirani amelazwa kwenye kochi ukumbini, macho hayaoni tena. Mwanawe alinimiminia kahawa, akasogeza tende. Mzee aliijua sauti yangu, akaanza moja kwa moja.

"Nilimfuata dakika tisini," alisema. "Wallahi niliazimia. Kila nikinyoosha mguu, hayupo! Sijui alijuaje. Na bi mkubwa kafa akidhani nilimkhini ahadi."

Akalia, mzee wa miaka themanini, mbele ya mwanawe.

"Kwao umebaki wewe. Nisamehe kwa niaba yake."

Maneno yalinifika kooni, nakwambieni kweli. Kiwanja hakipo, bibi hayupo, na katika wote walioiona mechi ile sidhani kama yuko mwingine anayeikumbuka. Wa kuambiwa alibaki huyu mmoja, naye alikuwa akingoja jibu.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

Alishusha pumzi. Akainua mikono yake miwili, akaniombea dua ndefu, mimi na watoto wangu, nami nikaitikia amina.