Jaza Maji Kwanza, Dua Baadaye

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa damu hunichemka, wala sioni haya kukuambia. Wazee wenzangu wakikuita kukupa nasaha watakufundisha upole, na upole ni kitu kizuri, sijaukataa. Lakini mimi nataka kukueleza siku niliyokataa kuwa mpole, mbele ya watu wazima waliovaa kanzu, pembeni mwa bwawa la Mtera, na kwa nini mpaka nakuwa bibi kizee sijaenda kwa mtu kuomba radhi.

Nilikuwa msichana bado, sijaolewa, nauza samaki wakavu. Kwetu ni Ipogolo. Babu yetu alipanda kutoka pwani na biashara ya vitambaa, akalowea hapo. Samaki nilikuwa nawachukua Migoli, kijiji cha wavuvi upande wetu wa bwawa, nawapeleka sokoni Uyole kule Mbeya. Wavuvi walinizungusha sana. Leo nyavu zimechanika, kesho samaki wameshachukuliwa na mwenye gari. Nikaona dawa ni kuwa na boti yangu mwenyewe, mdogo wangu Hamisi avue, mimi niuze. Hamisi alikuwa na nguvu za fahali, ila kuogelea hakujua vizuri. Na bwawa lile, mwanangu, lina mamba, lina viboko, na mchana upepo ukishika kasi mawimbi yake si ya kuchezea. Kwa hiyo boti niliyoitafuta haikuwa boti tu. Nilikuwa natafuta kitu cha kumweka ndani mtoto wa mama yangu, nikakae Uyole na samaki wangu bila kutetemeka.

Basi akatokea Mzee Salehe. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu baba, jirani yetu, mtu wa msikitini. Baba alipofariki ndiye aliyetushika mkono. Ramadhani haikupita bila mchele wake kufika kwetu. Alikuwa na boti kuukuu ya alumini, iliyoachwa na mradi mmoja uliofungwa zamani. Akaniita barazani kwake akaniambia, "Zuhura mwanangu, ile boti sitaki ichukuliwe na mtu baki. Ichukue wewe kwa bei ya nyumbani. Hamisi avue pamoja na kijana wangu Jabiri, undugu uendelee." Nilimshika mkono nikaubusu. Nani angekataa?

Tukaenda Migoli siku ya kukabidhiana. Nikaikuta boti imelazwa mchangani, imepakwa rangi mpya ya buluu, inang'aa utadhani bibi harusi. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Boti ya kazi, iliyokaa miaka juani, inapakwa rangi wiki ya kuuzwa kwa ajili gani?

Mimi boti sikuzijua. Sikuwa fundi, sikuwa mvuvi. Lakini sufuria nazijua, na boti ya alumini ni sufuria kubwa tu, usitishike nayo. Mama alikuwa akinunua sufuria kuukuu mnadani, na kamwe hakuitazama kwa juu akaridhika. Aliijaza maji, akaiweka juu ya mchanga mkavu, akaendelea na kazi zake. Tundu dogo jicho halilioni, lakini maji yanalijua.

Nikaanza kuizunguka taratibu. Kwa nje niliona imebonyea hapa na pale; hilo halikunitia hofu, kubonyea si kutoboka. Nikapitisha kidole kwenye mistari ya ribiti, vile vichwa vya misumari vinavyoshika bati kwa bati. Vingine vilicheza kama jino la mtoto. Nikaenda nyuma kwenye ubao unaobeba injini. Nikaazima bisibisi kwa mvuvi, nikauchoma ubao kwa chini, pale rangi ilipokuwa nzito. Bisibisi ikazama kama nimechoma ugali. Sasa fikiria, mwanangu, injini inaning'inia kwenye ugali, katikati ya bwawa.

"Zuhura, unafanya nini?" Mzee Salehe akaniuliza. Hakukasirika bado.

"Naitazama, baba."

"Utaitazama, ni yako hiyo. Njoo kwanza tusome fatiha, halafu mtaitazama mpaka jua lizame."

Wewe umekulia kwingine, ngoja nikueleze. Kwetu wakati ule, biashara kubwa ilifungwa kwa dua. Watu wakisimama, wakiinua mikono, fatiha ikasomwa na wote wakapaka nyuso, basi, imekwisha. Hakuna karatasi iliyokuwa na nguvu kama hiyo. Ukirudi kesho kusema kitu kina kasoro, unakuwa umeivunja dua, na mtu aliyeivunja dua hakuna atakayemuuzia hata chumvi. Ni desturi nzuri kwa watu wakweli. Kwa wengine ni gunia lenye mbuzi ndani, na mdomo wa gunia umefungwa kwa jina la Mungu.

Wazee wakasimama. Mzee Salehe akainua mikono. Jabiri akainua. Hamisi mdogo wangu naye akainua, macho kwenye boti, amekwisha kujiona yuko majini. Mimi mikono yangu sikuiinua. Niliishikilia kiunoni.

"Inua mikono, binti," mzee mmoja akanong'ona.

Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Samahani wazee wangu. Dua siikatai. Lakini kwanza boti ijazwe maji. Siwezi kumweka Mungu shahidi wa kitu ambacho mimi mwenyewe sijakiona."

Maneno yakanijia kama mvua ya mawe. Kwamba namwita mzee wangu mwongo. Kwamba kumwaga maji ndani ya chombo kikiwa nchi kavu ni kuwaitia mkosi wavuvi. Kwamba mkataa pema pabaya panamwita. Mmoja akanipa ile ninayoichukia kuliko zote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hamisi akanivuta kanga. "Dada, twende bwana, unatuaibisha. Huyu ni Mzee Salehe!"

"Najua ni Mzee Salehe," nikamwambia. "Ndoo iko wapi?"

Hakuna aliyenipa. Nikaenda mwenyewe kwa kinamama waliokuwa wanaanika dagaa, nikaazima ndoo, nikaanza kuchota bwawani na kumimina kwenye boti. Nenda rudi, nenda rudi. Jua lile la Migoli unalijua. Wanaume wamekaa kivulini wananitazama, wanacheka. Maji yakafika kifundo cha mguu, na mchanga chini ya boti bado mkavu kabisa. Mzee Salehe akasema, "Umeridhika sasa?" Nikataka ardhi inimeze. Kwa dakika ile, mwanangu, niliwaza huenda kweli mimi ni mshenzi nisiye na shukrani.

Lakini nikajiambia, Hamisi ana kilo ngapi? Jabiri je? Nyavu zilizolowa, injini, samaki? Maji ya kifundo si mzigo. Nikaendelea kuchota. Yule mama mwenye ndoo akainuka akanisaidia. Alikuwa Semeni, mke wa Jabiri, binti wa Kihehe wa palepale, mkwe wa Mzee Salehe mwenyewe.

Maji yalipokaribia viti, boti ikaanza kutoka jasho. Mstari mzima wa ribiti upande wa kulia, tone baada ya tone. Kisha chini karibu na nyuma, rangi ya buluu ikavimba, ikapasuka, na ikaonekana gundi iliyopachikwa juu ya ufa wenye urefu wa kiganja. Maji yakatoka hapo kama bomba lililosahauliwa wazi. Mchanga ukalowa mpaka kwenye viatu vya wazee.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Salehe akasema kwa sauti nzito, "Boti gani isiyovuja? Mtu huchukua kopo, huchota." Semeni akaweka ndoo chini. Akapiga goti, kama mkwe anavyotakiwa, akasema, "Baba, nisamehe. Mume wangu haingii humo."

Mpaka leo sijui kama Mzee Salehe alijua. Huenda rangi ile alimpa mtu kazi, na mtu huyo akaficha alichokiona. Huenda alijua na akatumaini tu, maana alikuwa amemweka na mwanawe humo. Nimechoka kuliwaza hilo. Alijua au hakujua, maji yangeingia vilevile.

Alinikatia mguu. Siku ya harusi yangu kiti chake kilikaa kitupu, na niliumia, nililia mbele ya kioo nikiwa na hina mikononi. Mchele wa Ramadhani ukakoma. Kuna nyumba za Ipogolo ambazo nilikuwa nikipita wanawake wananyamaza. Mzee akafa hatujasemezana. Nilikwenda msibani, nikapika na wenzangu, nikamwombea kwa moyo wote, kwa sababu wema wake kwetu ulikuwa kweli. Ila radhi ya kujaza maji sikuiomba hai wala kaburini, na siiombi leo.

Boti niliipata baadaye, Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Mbaya ya sura, imebonyea kila upande, rangi hakuna. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa. Nilipoomba ndoo, akanichekea, "Jaza, dada. Jaza mpaka uchoke, mimi napika." Nikajaza mpaka juu. Mchanga ukabaki mkavu. Hapo mikono yangu niliinua mwenyewe kabla ya mtu kuniambia.

Na Hamisi? Yuko Soweto, Mbeya, ana wajukuu na kitambi. Akija kwangu sikukuu, akishashiba, huanza: "Lakini dada, ile boti ya Mzee Salehe ungeniachia, ningeiziba, ningevua nayo." Watoto hugeuka kunitazama, wanadhani nitakasirika. Sikasiriki. Namwongezea wali. Anabisha akiwa mzima, basi na abishe mpaka achoke.

Haya, mwanangu, nisikilize. Ukienda kununua boti ya zamani, usiiogope na usiione aibu. Rangi mpya isikuvutie, na boti iliyobonyea usiikimbie. Choma ubao wa nyuma. Inua viti vyenye sponji ndani, ile ya kuisaidia boti kuelea. Vikiwa vizito, vimekunywa maji. Halafu jaza, jaza zaidi ya wanavyotaka ujaze, na ukae usubiri. Mwenye mali njema atakuletea ndoo. Anayekuambia kukagua ni matusi, hata kama ndiye aliyekulea, mwamkie vizuri, mshukuru kwa yote aliyokutendea, na usiinue mikono. Heshima ni deni lako kwa mkubwa. Uhai wa mtu utakayempandisha humo si wa kulipia deni hilo. Watakuambia utavunjika guu. Miguu yangu hii hapa, yote miwili, imezeeka tu.

Mungu akupe jicho la kuona na shingo ya kukataa. Akupe chombo kikavu, na kila unayempeleka majini akurudie mwenyewe, kwa miguu yake, akilalamika njaa. Amina.