Papai Alilolikataa Baba

Gundi ya pancha ina harufu kali inayopanda puani na kukaa huko kama mgeni asiyejua kuaga. Watu wengine huikimbia. Mimi huisogelea. Nina banda langu la kutengenezea tuktuk hapa Ukunda, na tuktuk zenyewe ni zangu, na kila aliyenizoea anajua kwamba nikishakunywa chai ya asubuhi huweka kiti changu karibu na vijana wanaoziba mipira. Si kwa kuwa siwaamini, ingawa siwaamini. Ni kwa ajili ya harufu hiyo. Baba yangu alinukia hivyo: gundi ya pancha, mafuta ya nazi, na kafuri aliyojipaka miguuni.

Juzi nimekaa hapo, fundi wangu mmoja, kijana wa kutoka bara, akawa anasoma simu yake huku anacheka.

"Mathe, cheki hii! Kuna jamaa wa baiskeli huko Ulaya ameshikwa na madawa. Wamemnyang'anya kila kitu, na bado anaapa hakutumia."

"Kwanza mimi si mathe," nikamwambia. "Pili, usicheke."

Aliutazama uso wangu, akarudi kwenye mpira wake. Nyinyi mnaosoma nitawapa ambayo yeye sikumpa.

Baba alikuwa akiitwa Salimu, na kazi yake ilikuwa kuendesha baiskeli. Sisemi kubeba abiria wala kupeleka madafu sokoni. Nasema kampuni moja ya Mombasa iliyokuwa ikiuza matairi ilimlipa mshahara avae fulana yao ya manjano na kushindana na watu. Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya Lunga Lunga, ukishapita Gazi na kabla hujafika Msambweni, na alfajiri tulikuwa tukiusikia mnyororo wake ukipita taratibu, mwororo kama cherehani iliyotiwa mafuta. Baiskeli ile ililala ndani, juu ya mkeka safi. Mama alipenda kusema, "Mume wangu ana wake wawili. Yule mwenzangu hali, hajibu, hazai, na bado ndiye anayefutwa jasho."

Mwaka aliokufa bibi, mamake baba, yalikuja mashindano makubwa. Wakaja waendeshaji wa nchi nyingine, wakaja na madaktari wao. Mbio zilianzia Lunga Lunga, zikapita mbele ya nyumba zetu, zikakunja Kombani na kukipanda kile kilima mpaka Kwale mjini. Anayekijua kilima kile anajua kwamba hata gari hulalamika. Baba alikipanda kama anateremka. Waliokuwepo walisema aliwaacha wageni nyuma wakihema kama mbuzi waliochelewa kunyweshwa. Akapewa kombe, akapewa na ng'ombe dume mwenye nundu kubwa. Kisha daktari mmoja wa kigeni akampa kichupa, akamwambia akojoe humo.

Hilo la kichupa lilitufurahisha kuliko kombe. Bi Mishi, jirani yetu, mwanamke aliyeweza kuchekesha msiba, alizunguka kijiji kizima akitangaza: "Jamani, mkojo wa Salimu umepanda ndege! Sisi wenyewe hata Unguja hatujafika, mkojo umeshafika Ulaya!"

Ng'ombe yule baba hakumfuga hata wiki. Alisema mama yake hajasomewa hitma ya maana, kile kisomo cha kumwombea marehemu, basi hiyo ndiyo sadaka yake. Akachinjwa. Maalim Rashidi, imamu wetu, akasoma, na kijiji chote kikala pilau. Wakaja mpaka Wakamba waliokuwa wakifanya kazi za mahoteli ya Diani, wakala, wakafungiwa na ya kwenda nayo. Nilikuwa na umri wa kukalia mbuzi ya nazi bila kujikwaruza, na siku ile nilikuna nazi mpaka mikono ikafa ganzi, na kila nilipopita nilisikia watu wakisema, "Salimu mtoto mwema. Mamake kalala pazuri."

Kisha meneja wa kampuni akaja na gari, mvua za vuli zimeanza. Alikataa kuketi. Alisema mkojo umepimwa na umekutwa na dawa ya kuchochea mwili, ile inayomfanya mtu asijue kwamba amechoka. Baba amefungiwa, hashindani tena, na kazi hana. Kombe akalichukua, akalitia kwapani kama mtu anayebeba kuku.

"Ng'ombe hatumdai," akasema.

"Hata mngemdai," Bi Mishi akajibu kutoka uani kwake, "mngempata wapi? Mkia wenyewe umeshakuwa supu!"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mtu mmoja aliuliza, na swali lile likaingia kijijini kama siafu. Ikiwa Salimu alishinda kwa dawa, yule ng'ombe alikuwa wake? Na kama hakuwa wake, tulikula nini? Wakaenda kwa Maalim. Maalim alikuwa mtu wa haki, na naye alikuwa amekula sahani mbili. Akasema mtu hawezi kutoa sadaka ya kitu alichokipata kwa hila. Kama ni kweli alimeza dawa, basi marehemu hajapata hitma, na sisi tumekula cha watu.

Hapo ndipo kijiji kizima kilipompenda baba. Naliandika hili wazi kwa sababu ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Hakuna aliyemtukana. Kila aliyekutana naye alimshika mkono na kumwambia, "Sisi twajua wamekusingizia. Wazungu wamekuonea wivu." Kila mmoja alimtaka awe safi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na nyama ile tumboni.

Wazee wakaamua ale papai. Kwetu, mtu akituhumiwa na ushahidi usipatikane, hukatwa papai likatiwa dawa na kusemewa maneno, naye hula kipande mbele za watu. Mkweli humeza akajifuta mdomo. Mwongo huvimba midomo na ulimi mpaka aungame. Maalim alipinga, akasema papai si dini, mtu na aapishwe kwa msahafu. Wazee wakamwambia kwa adabu kwamba msahafu wanauheshimu mno, ndiyo maana hawataki kuupa kazi ya papai.

Mwenye dawa hiyo alikuwa Mzee Bakari, mjomba wake baba, ndugu wa marehemu bibi tumbo moja. Kwetu sisi Wadigo mjomba si mtu wa kupita. Akisema jambo, baba yako mzazi hungoja. Alikuja kwetu mchana, siku moja kabla ya siku yenyewe. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, na ukuta wa makuti hauzuii maneno.

"Shikamoo, mjomba," baba akasema.

"Marahaba, mpwa wangu. Sikukuja kukuuliza kitu. Sitaki kujua."

"Mjomba..."

"Nyamaza nimalize. Papai nitalikata mimi kwa mkono wangu. Kipande chako kitakuwa papai tu, kama la asubuhi. Utakula, utajifuta, watu watalala, na dada yangu atalala. Akulaye papai tamu hafi."

Nilisikia bakora ya mzee ikigonga kizingiti akitoka. Nami, kwa akili zangu za wakati ule, niliona mambo yamekwisha. Nilikwenda kisimani nikawatambia wenzangu: "Kesho mtaona. Baba yangu atalila papai lile lote na mbegu zake!"

Kesho yake tulikusanyika kwenye uwanja tunakochezea ngoma za harusi. Maalim alikuja, akasimama ametupa mgongo kuonyesha kwamba hayumo, ila shingo yake ilikuwa imepinda upande wetu kama ya jogoo. Mzee Bakari alikata papai jekundu, lililoiva, juu ya ungo wake, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni. Akalisemea maneno yake. Akanyoosha kipande.

Baba alikipokea. Alikitazama sana.

"Kula, Salimu!" Bi Mishi akaita. "Kula tukapike, jua linapanda!"

Baba akakirudisha kipande ndani ya ungo, taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani.

"Nilimeza," akasema. "Mwalimu wetu wa baiskeli alitugawia vidonge. Alisema ni vya kuongeza damu. Nilijua si vya damu. Nilipopanda kile kilima sikuhisi miguu, na usiku wake sikupata hata lepe la usingizi, moyo ukipiga kama ngoma ya watu wasiochoka. Yule ng'ombe hakuwa wangu. Nisameheni. Na mama yangu pia anisamehe."

Mngedhani watu wangelia, au wangemsifu. Walikasirika! Ile siku ya meneja hakukasirika mtu, lakini siku ile uwanja ulichemka. Mzee Bakari alikunja midomo, akatema mate kando, akaondoka bila ungo wake. Bi Mishi alikuja mpaka usoni kwa baba, machozi yanamtoka.

"Kilikushinda nini?" akamwambia. "Tonge moja tu la mkono wa mjomba wako, mwanangu! Ungalikula tu! Nani angalikuuliza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wenzangu niliowatambia kisimani walikuwa wakinitazama, na mmoja alijaza mashavu upepo kuniigizia midomo iliyovimba. Nilikwenda nyumbani nikamchukia baba yangu, na sioni haya kulisema, kwa sababu mtoto ana haki ya kuchukia asichokielewa.

Kilichofuata kilinikera zaidi. Baba alipanda baiskeli yake, ile ya mashindano, akashika njia ya Kinango kwa Waduruma wafugaji. Akapotea siku kadhaa. Akarudi kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkononi ana kamba, na nyuma ya kamba dume mwekundu.

"Baiskeli iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii," akasema. "Inakula majani."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Basi mke mwenzangu leo kazaa," na nikaona anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Hitma ilisomwa upya. Safari hii baba hakualika mtu. Alimwendea Maalim peke yake, akamwambia nyama itakuwepo, na kuja au kutokuja kila mtu aulize moyo wake. Maalim alikuja mapema kuliko siku zote, akasoma kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Watu wakaja mmoja mmoja, wakakaa mikekani, wakala wameinamisha vichwa, hakuna mzaha. Mzee Bakari alikuja mwisho, akanawa mikono, akala, akaondoka bila kumtazama mpwawe. Bi Mishi hakula. Alivua viatu, akaingia uani kwetu, akaosha sahani zote na masufuria pamoja, na mama alipomwambia aache alijibu, "Niache na mimi nipate changu."

Baada ya hapo baba alitandika gunia kando ya barabara akawa fundi wa kuziba pancha. Mtu aliyewaacha wageni kilimani, sasa akitumbukiza mipira ya watu katika karai la maji kutafuta mapovu. Shule niliiacha darasa la nne, nikakaa naye pale, na yote niliyonayo leo yalianzia kwenye gunia lile. Kuna wenye digrii wanaonijia kuomba kazi. Huwaajiri, wakiwa wanajua kuamkia.

Lakini kuna jambo moja la miaka ile lililokuwa likinichosha. Nyumba yetu iliacha kuwa nyumba. Mjane wa Gazi akisafiri kwenda kumuuguza bintiye, alileta sanduku lake la dhahabu akaliacha chini ya kitanda cha baba. Mkamba mmoja wa hoteli, mlokole, aliyekuwa na wachungaji wake huko Ukunda, aliacha kwetu cherehani ya mkewe akaenda kwao kwa muda mrefu. Ndugu wawili waliogombea shamba walileta jembe la marehemu baba yao, wakasema likae kwa Salimu mpaka wapatane. Hata Bi Mishi, siku alipokwenda Tanga, alimpa baba ufunguo wa nyumba yake, na hali alikuwa na watoto wakubwa. Vitu vilijaa mpaka sisi watoto tukawa twalala tumejikunja katikati ya masanduku ya watu. Nilikuwa nikilalama kwa mama: wametutukana, wametucheka, sasa wametufanya stoo yao.

Mama alikuwa akiniambia nisogeze miguu nilale.

Nilikuwa nimeshaolewa, nina mizigo yangu mwenyewe ya thamani, siku moja nataka kusafiri, nikaketi kitandani kuwaza ni nani hapa mjini naweza kumwachia. Nikawapitia jamaa zangu, marafiki zangu, watu wa dini, wote wanaoapa na wasioapa. Nikakaa pale kitandani mpaka jua likazama, ufunguo wa nyumba uko mkononi, na baba yangu alikuwa ameshakufa.