Bawabu wa Askofu Eindride

Brynjulf alikuwa bawabu wa askofu mkuu hapa Nidaros, nchini Norway, na kwa miaka yote niliyomjua sikumwona akifanya jambo la maana hata moja. Nasema hivyo mimi Åshild, niliyekuwa nikifua kanzu za askofu uani, hatua chache kutoka mlangoni pake.

Askofu wetu Eindride alikuwa mtoto wa mvuvi wa visiwa vya kaskazini, na ukaidi wake alikuja nao kutoka huko. Mfalme alipodai mapadre wahukumiwe katika mabaraza yake, Eindride alikataa, akamtenga na kanisa mbele ya watu wote, kisha ikambidi akimbilie Denmark. Karibu nyumba nzima ilimfuata. Brynjulf alibaki. Kesho yake tu alimkabidhi jemadari wa mfalme funguo zote, hata ule wa ghala la siagi ambao hakuna aliyeuulizia, akazawadiwa koti la manyoya ya dubu. Alilivaa mpaka kiangazi, jasho likimtiririka.

Nilimuuliza kwa nini alizitoa funguo.

"Dada, mimi nina watoto," akasema. "Askofu hana."

"Na hao watoto wangekufa kwa kukosa koti?"

Akaenda zake.

Baada ya miaka saba mfalme akafa. Mwanawe akataka amani, na askofu akarudi, amekonda, meno yamepungua. Brynjulf alikuwa wa kwanza kufika bandarini. Alipiga magoti kwenye matope, akalia, akaapa kwamba alibaki ili ailinde nyumba. Siku hiyo koti hakulivaa. Tulingoja afukuzwe, askofu akamrudishia funguo. Nilipompelekea kanzu nilishindwa kujizuia, nikamweleza yote aliyoyafanya yule mtu.

"Najua, Åshild," akasema. "Ubaya wake nimeshauzoea. Nikileta mgeni, itabidi nianze kumsoma upya."

Nilimheshimu sana mzee yule, lakini hayo yalikuwa maneno ya kipumbavu, na yalikuwa na kiburi ndani yake.

Haikupita miaka miwili, mfalme kijana akamtaka amvishe taji mwanawe mchanga, aliyezaliwa nje ya ndoa. Eindride akamkatalia kama alivyomkatalia baba yake. Askari wakaja mchana, baada ya misa, theluji ikianguka. Nilikuwa nasuuza nguo, nikamwona Brynjulf akifungua komeo kabla hawajagonga. Wakamtoa mzee peku, wakamtia mashuani wampeleke kifungoni kisiwani. Alifia njiani.

Mwili uliporudishwa, watu wakaanza kulijia kaburi, wakisema wagonjwa wanapona hapo. Na nani aliyewaongoza wageni? Brynjulf. Aliwaonyesha kiti, kitanda na kizingiti, akiwasimulia jinsi alivyopambana na askari mpaka wakamvunja mkono, na mkono wenyewe ameufunga kitambaa. Siku moja nilipita na beseni langu, nikasimama mbele ya wageni wake.

"Kaka Brynjulf," nikamwambia, "jana si ulikuwa wa kushoto?"

Akakihamisha kitambaa. Hata haya hakuona.

Alikufa kitandani mwake, mzee, tumbo limeshiba, akazikwa kando ya ukuta wa kanisa. Nilikwenda matangani kwa ajili ya wanawe, ambao hawana kosa. Nikala samaki mkavu na siagi, nikanywa bia yao. Padre aliposema sote tumwombee marehemu, mimi nilinyamaza.