Baba Alimaliza Dozi

Watu wakiniuliza kwa nini nasomea udaktari, huwa wanataka niseme huruma. Wanainamisha kichwa kidogo wakilisubiri neno hilo, na mara nyingi nawapa, kwa sababu maongezi ya kwenye sherehe hayahitaji ukweli wote. Ukweli ni kwamba nilianza kwa hasira. Nilikuwa msichana wa sekondari, nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Kwetu ni Kimara, juu ya mteremko, mbali kidogo na Barabara ya Morogoro, mahali ambapo mvua ikinyesha kila mtu anavua viatu na kuvishika mkononi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Upareni, mkali darasani na mpole nyumbani. Mama ni fundi wa kushona. Cherehani yake iko barazani mpaka leo. Mimi ni mtoto wao pekee.

Baba alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Akipata malaria alikunywa dawa mseto mpaka kidonge cha mwisho, hata kama homa ilishamtoka siku ya pili. Nikiugua mimi alinisimamia vivyo hivyo, mkono mmoja na kikombe cha maji, mwingine na kidonge. Nikilalamika kwamba nimeshapona, alikuwa na jibu moja tu: "Kupona ni kupona, dozi ni dozi. Meza." Sidhani kama kuna nyumba katika mtaa wetu ambayo haikulelewa hivyo. Redio ilisema umalize dozi, bango la zahanati lilisema umalize dozi, na mwalimu wa sayansi, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa baba yangu, alisema umalize dozi.

Kwa hiyo zahanati walipompima wakamkuta na presha ya kupanda, akarudi nyumbani na vidonge vya mwezi mmoja, baba alivimaliza. Hakuruka hata siku moja. Mwezi ulipokwisha alitutangazia mezani kwamba amemaliza dozi, na mama akapika pilau. Tulifurahi kwelikweli. Kichwa hakikumuuma tena, mteremko wetu alikuwa anaupanda bila kusimama, akawa anawatania wenzake waliokuwa wakihema. Kule zahanati walimwambia akimaliza vidonge arudi. Hawakukosea wao. Lakini kwetu nani anarudi zahanati akiwa mzima? Ukikutwa kwenye foleni na jirani akikuuliza unaumwa nini, utamjibu nini?

Mwaka uliofuata, asubuhi moja akinyoa ndevu, mdomo ulimwenda upande na wembe ukamdondoka. Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Daktari wa zamu alikuwa dada kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alimuuliza mama kama mgonjwa alikuwa anatumia dawa za presha.

"Alitumia," mama akasema. "Tena alizimaliza zote."

Aliisema sentensi hiyo kwa fahari, kama mzazi anayetaja matokeo ya mtoto wake. Yule daktari akamshika mama begani na kusema taratibu, "Hizi hazimalizwi, mama. Hizi mtu anakunywa siku zote."

Baba hakumaliza wiki. Tulimsafirisha Upareni, tukamzika karibu na wazazi wake, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana kichwani na ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba alisikia la mkuu. Alilisikia, akalitii mpaka mwisho, na bado akavunjika. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Niliona kwamba mtu anaweza kufa kwa utiifu, kwa sababu tu hakuna aliyekaa naye akamweleza kwamba safari hii dozi haina mwisho. Nikataka kuwa mtu wa kukaa na kueleza. Nilidhani kazi hiyo ni rahisi.

Nilisoma fizikia, kemia na baiolojia kwa ubishi zaidi kuliko akili. Kemia ilinitesa, mie nikaitesa pia, mwishowe tukaachana kwa amani na alama za kutosha. Nilipoingia chuo nilipata chumba hosteli ya Mabibo, karibu na soko, ambako madirisha yakifunguliwa chumba kizima kinanuka vitunguu na ndizi. Mwisho wa wiki nilikuwa narudi Kimara, na hapo ndipo nilipojiunga na watu wa meza.

Meza ilikuwa ya nesi mmoja mstaafu wa mtaa wetu, mwanamke mnene, mcheshi, asiyekubali kuitwa bibi. Kila Jumamosi aliiweka mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, kwa makusudi: angeiweka kanisani, Waislamu wasingekuja, angeiweka msikitini, wale wa jumuiya yetu wasingekuja. Tulikuwa tunapima presha bure, na aliyekutwa imepanda tulimwandikia aende zahanati. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa naye kwenye benchi na kumweleza. Nilieleza sana. Nilimweleza muuza maandazi, nikamweleza shehe wa madrasa, nikamweleza fundi uashi aliyesema presha ni ugonjwa wa watu wa ofisini. Wengi walianza dawa na wakaendelea nazo. Muuza maandazi akinikuta njiani alikuwa ananionyesha kidole gumba, maana yake leo amekunywa.

Mmoja tu alinishinda, na huyo nilikuwa nalala naye nyumba moja.

Nilipofundishwa kupima presha kwa masikio, kwa ule mkanda wa kujaza upepo na stetoskopu, nilihitaji mkono wa kufanyia mazoezi. Mama alijitolea wa kwake. Jumamosi asubuhi, kabla sijaenda mezani, alisimamisha cherehani, akakunja mkono wa gauni na kuniwekea mkono juu ya kitambaa cha mteja. "Haya, mkono wa kujifunzia huu hapa." Nilifunga mkanda, nikajaza upepo, nikausikiliza mshipa wake ukigonga. Mara ya kwanza nilirudia kupima nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Presha ya mama ilikuwa juu, tena si ya kubabaisha.

Nilipofungua mdomo kumtajia, aliniwahi. "Umesikia hiyo ngoma yako?"

"Ngoma gani?"

"Hiyo inayogonga mkononi."

"Mapigo, mama. Nimeyasikia."

"Basi umefaulu. Nenda, watu wanakusubiri."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mkono alitoa, namba alikataa. Nikijaribu kuisema alianza kuimba wimbo wa kwaya, kwa sauti ya pili, huku mguu ukirudi kwenye cherehani. Na huyohuyo, wateja wake wakija kuchukua nguo, alikuwa anawafukuza waende mezani: "Kapimwe na binti yangu, ana mkono mwepesi." Nesi alijua yote haya na alikuwa ananitania. "Mganga hajigangi," alisema, "wewe hata mamako humgangi."

Mimi nilikuwa sicheki. Wiki nzima darasani nilikuwa nafundishwa kinachotokea ndani ya mishipa ya mtu kama mama, kwa picha za rangi, na mwalimu akionyesha ubongo ulipovuja, mimi nilikuwa naona baraza letu na cherehani. Nililala vibaya. Simu ya nyumbani ikiita saa ambayo siyo, nilipokea kabla haijaita mara ya pili. Nilikuwa nimebakiwa na mzazi mmoja na nilikuwa naijua namba yake.

Siku moja nilimbana. Alikuwa anakata kitambaa cha sare, na mkasi haukusimama.

"Dawa za presha ni ndoa," alisema. "Ukiingia hutoki. Baba yako alitoka, ukaona."

"Hakufa kwa kuzinywa, mama. Alikufa kwa kuziacha."

"Ndiyo hivyo nasema. Asingezianza, angeacha nini?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote. Nilimchorea mshipa kwa chaki yake ya kupimia, juu ya meza yake ya kukatia. Aliutazama ule mchoro kwa heshima, kisha akaufuta kwa kiganja.

"Mwanangu, baba yako alikufa akijua ni mzima," akasema. "Yule alikula pilau, akapanda mlima, akacheka na watu. Mie nikianza hizo dawa, kila siku nitaamka mgonjwa. Sitaki. Acha niwe mzima mpaka siku yenyewe."

Katika vitabu vyangu vyote hakuna ukurasa unaojibu hilo. Nilikasirika, na kwa kuwa nilimpenda, nilikasirika zaidi. Jumamosi iliyofuata aliposimamisha cherehani na kukunja mkono wa gauni, nilimwambia, "Leo sikupimi."

"Kwani una nini?"

"Nimeshajua kupima, mama. Mazoezi yameisha. Mkono huu nikiugusa tena nitakuwa nampima mgonjwa, na wewe umeniambia huumwi."

Aliushusha mkono wa gauni polepole, akafunga kifungo. Siku ile aliniwekea chakula bila kukaa nami, na kwa mama yangu hilo ni kama kofi. Nilirudi Mabibo nikijiona nimefanya ukatili na sijaambulia kitu.

Zikapita Jumamosi kadhaa za salamu fupi. Kisha asubuhi moja, benchi la mbele ya ofisi ya mtaa likiwa limejaa, niliinua kichwa nikamwona mama amekaa katikati ya watu, gauni la kanisani, mkoba magotini, akisubiri zamu kama asiyemjua mtu. Zamu yake ilipofika alinipita mimi akakaa mbele ya nesi.

"Shikamoo, dada," akamwambia.

"Marahaba. Leo umetutembelea."

"Nimekuja kama wengine. Niulize mnayowauliza wengine."

Nesi hakutabasamu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alimuuliza umri, akamuuliza anavyolala, akamuuliza kuhusu chumvi. Kisha akafika kwenye swali tunalomuuliza kila mtu: kwao kuna aliyewahi kupata kiharusi?

"Mume wangu," mama akasema.

"Pole, mdogo wangu, namkumbuka. Ila nauliza damu yako. Baba, mama, ndugu wa tumbo moja."

"Hao hakuna."

Nesi alitaka kuendelea na swali linalofuata, lakini mama aliinua kidole.

"Kwa hiyo mume wangu hahesabiki."

"Kwako wewe hahesabiki. Hamkuchangia damu."

"Anahesabika kwa nani?"

Nesi hakutaja jina la mtu. Macho yake tu ndiyo yalikuja upande wangu, na ya mama yakayafuata.

Mimi jambo lile nilikuwa nalijua tangu mwaka wa kwanza. Nililisoma, nikalipigia mstari, nikalijibu kwenye mtihani. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu mzigo wake ulitosha. Sasa nilimwona akilijua, pale benchini, mbele za watu, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia mtoto akilia chumba cha pili.

"Nipime," akamwambia nesi, akakunja mkono wa gauni.

Nesi alimpima, akamtajia namba. Mama aliisikiliza yote bila kuimba.

"Sasa hizo dawa nazipata wapi?"

"Jumatatu, zahanati, nitakuandikia. Lakini si nilisikia wewe hutaki?" Nesi alishindwa kujizuia.

"Nilikuwa sitaki." Mama alikuwa anaongea na nesi ila ananitazama mimi. "Huyu mtoto nyumbani kwake hajawahi kumwona mtu anayezinywa akaishi. Aliyemwona ni baba yake tu. Na yeye zamu yake yaweza kufika. Acha anione mie, ajue inavyokuwa."

Niliinuka nikaenda nyuma ya ofisi, nikalia nikiwa nimeegemea ukuta wa serikali. Wote niliowaeleza kwenye lile benchi niliwaambia wanywe dawa kwa ajili yao wenyewe. Haikunijia kwamba mtu anaweza kukubali kuamka mgonjwa kila siku ili mwanawe asiogope.

Jumatatu sikurudi chuo mapema. Tulikwenda wote zahanati, tukapanga foleni. Kesho yake asubuhi, chai ikiwa mezani, mama alikitoa kidonge akakiweka kiganjani, akamimina maji. Mimi nilikuwa mlangoni nafunga kamba za viatu, nimechelewa. Aliniita kwa jina langu lote, lile la ubatizo na la ukoo.

"Njoo ukae hapa," akasema.

Hakumeza mpaka nilipovuta kiti nikakaa mbele yake.