Redio ya Kumkamulia Naibor

Ukitaka kugombana na Soipan Metito, ingia kwenye kibanda chake pale Kitengela, shika redio ndogo ya memori kadi, iwashe mpaka ingurume, kisha useme, "Nipe hii, iko na sauti." Atakupokonya papo hapo. "Sauti hata punda ako nayo," atakuambia, na hapo somo limeanza, upende usipende.

Kwake redio hainunuliwi kwa masikio peke yake. Ataitikisa kwanza, asikie kama kuna kitu kinachezacheza ndani. Ataipima kwa kiganja, maana betri nyepesi ni betri ya uongo. Ataingiza waya wa chaji na kuuchomoa, na tundu likilegea hata kidogo anairudisha kwa boksi huku akifyonza. Akiwa bado na shaka, ataifungua mgongo kwa bisibisi anayoivaa shingoni pamoja na shanga zake, akuonyeshe sumaku ya spika na waya zilivyochomelewa ovyo. Wachungaji wa Isinya na madereva wa malori ya Namanga wanamwamini kwa hilo. Mugure, jirani yake anayeuza viatu, humwambia kila siku kwamba wateja nusu anawafukuza mwenyewe. Soipan hucheka tu.

Ila mwaka huu alipatikana. Mteja aliyemtoa jasho alikuwa ng'ombe.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake, Kakenya, anayekaa bomani nje kidogo ya Isinya, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu aliwatambua kwa sauti na mbuzi kwa kengele. Daktari wa Kajiado alisema jicho la kulia lipasuliwe sasa, lisije likaharibika kabisa, akampangia Alhamisi. Mama akasema haendi. Kisa na maana? Naibor.

Naibor ni ng'ombe mweupe anayelisha boma zima, na hakamuliwi na mtu asiyemwimbia. Tena si wimbo wowote. Ni wimbo wa Kakenya, anaouimba kwa Kimaa akiwa amechuchumaa, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, akimsifu Naibor na mama yake Naibor na malisho yote waliyowahi kula. Asipousikia anakaza maziwa, halafu anakugeukia na kukutazama kama umeingia kwa watu bila hodi. Na daktari alikuwa amesema wazi: baada ya upasuaji, mama asiiname kwa wiki kadhaa. Valerie, mke wa Ledama kaka yake Soipan, msichana wa Bungoma mwenye mikono myepesi ajabu, alijaribu kumwimbia nyimbo za kanisani. Alipata teke.

"Ng'ombe akikauka, hao watoto watakunywa macho yangu?" mama aliuliza.

Soipan ndiye aliyepata wazo. Redio si ndiyo kazi yake? Akamrekodi mama kwa simu, wimbo mzima, akauweka kwenye kadi. Kilichobaki ni kuchagua redio, na katika kuchagua redio, nani angemfundisha kitu?

Jumatatu jioni akaja na ile kubwa, fahari ya kibanda, spika mbili na besi ya kutetemesha mabati. Akaiweka juu ya nguzo ya uzio ili isikike vizuri. Naibor akasimamisha masikio, akalia "mmoo" moja ya mapenzi, akamwacha Valerie amechuchumaa na kibuyu mkononi, akaenda zake kwa nguzo na kuanza kuilamba.

"Wifi, nimkamulie huko huko?" Valerie aliita.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Na hiyo ni sauti yangu? Hiyo ni mzee ako na homa!"

Sawa. Soipan akakubali kosa: sauti inatakiwa itoke pale pale mama anapochuchumaa, na isiwe na besi. Jumanne akaleta nyingine, ndogo ya kuvaa shingoni, ndani ya shuka. Hii ilikuwa imepita mitihani yote. Betri nzito, tundu la chaji limekaza, batani laini, spika safi kama maji ya mtungi. Valerie akachuchumaa, akaegemeza kichwa ubavuni, akabonyeza.

Weee! Mwanamke aliyefungiwa humo ndani akapayuka kwa Kizungu kwamba yuko tayari kuunganishwa na simu. Naibor aliruka na miguu yote. Kibuyu kikaenda kule, Valerie akakaa kwenye kinyesi.

"Huyo mama ni wa wapi?" Kakenya aliuliza kutoka mlangoni. "Mwambie akakamue kwao."

Soipan alirudi Kitengela amenuna, akashinda Jumatano akizipekua redio zake kama mtu aliyepoteza pete. Ilimuuma. Miaka yote hiyo alikuwa anazipima zikishaimba, wala hakuwahi kujali zinaamkaje. Akaziwasha moja moja. Hii inalia kengele, hii inapiga tarumbeta, hii inasalimia watu kwa Kichina. Mwishowe akachomoa moja chini kabisa ya droo, aina aliyokuwa ameapa hatamuuzia binadamu. Plastiki yake kama ganda la yai, spika nyembamba, betri ya kuaibisha. Lakini haikuwa na batani ya sauti. Ilikuwa na kigurudumu cha kuzungusha kwa kidole gumba: inaamka kimya, kisha sauti unaipandisha wewe mwenyewe, taratibu.

"Hiyo si ndiyo uliita takataka?" Mugure alimchokoza.

"Nyamaza, Mugure. Leo nina haraka."

Jioni hiyo, ya mwisho kabla ya hospitali, ndama alinyonya kidogo akavutwa kando. Valerie akachuchumaa. Kidole gumba kikazunguka ndani ya shuka. Wimbo wa Kakenya ukaja kwa mbali, ukakaribia, mwembamba na wa puani kidogo, sawasawa na anavyoimba mwenyewe. Sikio la Naibor likageuka. Akashusha pumzi ndefu. Akaanza kucheua. Halafu ikasikika, tsss, tsss, maziwa yakipiga ndani ya kibuyu.

Soipan aliuma ncha ya shuka lake ili asipige kelele. Furaha ilimjaa hata akataka kumkumbatia ng'ombe. Akageuka kumtazama mama, akitegemea kicheko.

Mama hakuwa anacheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, akisikiliza.

"Yeyo, amekubali! Amekubali!"

"Nimesikia." Akavuta shuka lake mabegani. "Sasa sina wa kumsingizia."

"Kumsingizia aje?"

"Naogopa, Soipan. Wanasema unalala ukiwa macho, na unajua kisu kinakuja. Hii giza yangu nimeizoea. Nikipoteza hata hii mwanga kidogo imebaki, nitafanya nini?"

Soipan aliona aibu. Wiki nzima alikuwa amefungua redio na kufunga redio, na yeye hakumuuliza mama hata mara moja kama anaogopa. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Hata mimi naogopa, Yeyo," akasema. "Tuogope pamoja huko Kajiado. Nitakaa nawe mpaka wanifukuze."

"Na wakikufukuza?"

"Watanijua mimi ni nani."

Hapo mama akacheka kidogo, akaomba shuka lake jipya litolewe sandukuni.

Alhamisi alipasuliwa. Soipan alifukuzwa mlangoni, akakaa nje kwenye benchi akiomba kwa lugha zote anazozijua. Asubuhi iliyofuata muuguzi akaondoa bandeji. Mama akapepesa jicho, likatoa machozi, akatazama dirisha, akatazama vidole vyake. Kisha akamtazama binti yake, kwa muda mrefu mpaka Soipan akaanza kuingiwa na hofu.

"Soipan," akasema polepole, "hizi mvi umezitoa wapi?"

"Ni za kitambo, Yeyo."

"Za kitambo!" Mama akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, muuguzi akimsihi asilisugue jicho. "Mtoto wangu amezeeka, na hakuna mtu ameniambia!"

Soipan aliinamisha kichwa chake mbele ya mama, kama mtoto anayesalimia wakubwa, na Kakenya akazipitia mvi zile moja moja.