Nilivyoaga kwa Kishindo Kwenda Zambia

Chekeni tu, mimi hasira hazijaisha. Mume wangu, mchimbaji huko Zambia, aliniandikia barua: "Mama Minza, mwezi ujao tutaishi pamoja. Jiandae." Ukurasa wa pili mtoto alikuwa ameshautafuna, nikautupa. Wa nini tena? Mimi na kidato changu cha nne nilikuwa nimeshaelewa!

Nikagawa masufuria yote. Kisha nikamfuata mama mkwe uani, alikonirundikia viazi vitamu vya kumenya, kukatakata na kukausha viwe michembe, nikatupa kisu mbele yake.

"Mama, miaka mitatu nakumenyea. Sasa menya mwenyewe, mimi nahamia nchi za watu!"

Hakukiokota; akaendelea kuanika michembe yake.

Siku ya safari alinisindikiza hadi stendi ya Bariadi, kambeba Minza mgongoni, mpole kabisa. Basi la Mwanza likaingia, na wa kwanza kushuka alikuwa mume wangu, godoro kichwani.

"Mbona na mabegi?" akashangaa. "Si nilikuandikia ukurasa mzima kwamba mgodi umeuzwa, tumepunguzwa kazi, narudi nyumbani?"

Stendi nzima ikatugeukia. Mama mkwe akanikabidhi mtoto taratibu.

"Karibu Zambia, mama Minza. Kisu kipo palepale ulipokitupa."