Waipa Zilizosimama

Kwa miaka kumi na moja, mlinzi wa mtaa ule aliwaomba watu jambo moja tu: wasiache kitu kwenye kiti cha gari. Hakuomba nyongeza ya mshahara, hakuomba koti jipya, ingawa alilopewa siku ya kwanza lilikuwa limechanika kwapani. Aliomba wachukue mikoba yao waingie nayo ndani. Ungedhani anawaomba figo.

Walimwita Kamanda, kwa utani, kwa sababu alikuwa mfupi na mwembamba na aliongea taratibu. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa kumi na mbili jioni. Magari yaliegeshwa safu mbili, upande huu mbele ya maghorofa, upande ule chini ya ukuta wa zahanati, na yeye katikati na filimbi yake na daftari. Alipita gari moja moja, akichungulia viti, akijaribu milango, na aliyoyaona humo yalimchosha roho. Kompyuta. Pochi imeachwa mdomo wazi. Siku moja bahasha ya benki ilikuwa imelazwa juu ya dashibodi kama samaki aliyeanikwa. "Hawa watu," alimwambia mkewe, "wamesoma mpaka wamesahau."

Na kwa nini mtu aumie kwa mikoba isiyo yake? Kaka yake mkubwa aliwahi kufungwa kwa wizi. Tangu siku hiyo, kwao hakuna aliyemwita yeye kwa jina. Alikuwa ndugu wa mwizi dukani, ndugu wa mwizi msibani, na hata siku ya posa baba mkwe alimuuliza mbele za watu kama na yeye ana mkono mrefu. Akahama. Alipoomba kazi hii alilitaja jambo la kaka yake kabla hajaulizwa, na katibu wa wakazi akaliandika kwenye fomu. "Nalisema mwenyewe," alisema, "lisije likanifuata nyuma." Mali yake yote duniani ilikuwa jina lile alilolisafisha kwa mikono yake, na alililinda kuliko alivyoyalinda magari.

Mwanzoni, akiona mkoba kitini, alimwita mwenyewe kwa sauti akitazama ghorofani. Wakalalamika kwamba anawaamsha watoto. Akaanza kubandika vikaratasi kwenye vioo, wakalalamika kwamba anachafua magari. Ndipo akabuni la waipa, zile fimbo za kufuta mvua kiooni. Gari likiwa na kitu cha kuibwa, aliinua waipa moja ikasimama mbele ya kioo, akaliandika gari hilo daftarini. Mwenye gari akichungulia dirishani anaiona, anashuka, anachukua chake. Hakuna kelele wala karatasi. Mwenyekiti wa wakazi, mstaafu aliyependa mikutano kuliko chakula, alimsifu mbele ya wote. "Akili ni nywele," alisema, "na Kamanda ana zake." Watu wakacheka, maana Kamanda alikuwa na upara.

Baadhi walishuka. Wengi hawakushuka, na sugu kuliko wote alikuwa mwalimu wa ghorofa ya pili. Kompyuta yake ilikaa kiti cha nyuma siku tano za wiki, na waipa yake ilisimama siku hizo hizo tano.

"Kamanda, si upo?" alimwambia akicheka.

"Nipo, mwalimu. Lakini nina macho mawili na magari arobaini."

"Basi uyafumbue vizuri."

Sikio la kufa halisikii dawa. Vioo vilianza kuvunjwa, mchana kweupe, Kamanda akiwa mwisho mwingine wa mtaa anamsaidia mgonjwa kushuka kwenye teksi. Magari matatu ndani ya wiki mbili, na la tatu lilikuwa la mwalimu. Alilia kwenye ngazi, kwa kuwa mitihani ya wanafunzi wake ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Kamanda akaona aibu kana kwamba ameiba yeye, akazidisha bidii. Aliinua waipa nyingi kuliko zamani, hata kwa ajili ya mwavuli, hata kwa miwani. Masikini, alidhani anazima moto.

Alhamisi moja alikwenda kwa fundi viatu wa pale kona kuchukua kiatu chake. Alipogeuka kuutazama mtaa, aliona vioo vya mbele tu, viti havikuonekana. Na bado alijua, bila kuchungulia gari hata moja, kwamba magari manne yana kitu ndani. Alijua ni yapi. Alisimama na kiatu mkononi, na wakati huo pikipiki ikampita polepole. Aliyeiendesha hakutazama kiti cha gari lolote. Alitazama waipa. Alipofika kwenye gari la bluu lenye waipa iliyosimama, akashusha mguu mmoja chini.

Kamanda alipuliza filimbi mpaka fundi akaziba masikio. Pikipiki ikatoweka. Akafungua daftari, akatafuta yale magari matatu. Yote alikuwa ameyaandika kwa mkono wake: waipa juu.  Muda wote ule alikuwa anawachagulia wezi.

Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kitandani.

"Acha kuziinua," mkewe akasema. "Kimyakimya. Nani atauliza?"

"Walioibiwa wana haki ya kujua."

"Wajue nini? Waliambiwa wachukue mizigo yao, hawakuchukua. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, baba."

"Nikinyamaza, nina tofauti gani na kaka?"

Mkewe alikunja shati moja mara mbili. "Kaka yako alinyamaza," akasema, "lakini hakufungwa kwa kunyamaza."

Jumamosi alasiri wakazi walikutana kwenye ukumbi mdogo wa chini, viti vya plastiki vikakwaruza sakafu. Kamanda alisimama, akaeleza yote: kona, pikipiki, daftari. Akalifungua, akalipitisha walione. Akasema kosa ni lake, hakulifikiria, na kuanzia Jumatatu atapanda ngazi na kugonga mlango mmoja mmoja, hata mara mia.

Daftari lilizunguka likarudi kwake. Kisha mwenyekiti akauliza, kwa upole wa mtu anayejiona mwerevu: "Sasa wezi walijuaje maana ya waipa?"

"Walitazama, mzee. Kama nilivyotazama mimi."

"Wewe ulihitaji miaka kumi na moja kuiona. Wao wiki mbili. Hawakufundishwa?"

Kamanda alimtafuta mwalimu kwa macho. Mwalimu ndiye aliyeonywa kuliko watu wote mle ndani, na neno moja lake lingetosha. Mwalimu alikuwa anasoma simu. Katibu alikuwa anapekua faili, na Kamanda alijua anatafuta nini kabla hajaipata. Ile fomu ilisomwa kwa sauti, mstari wa kaka yake, ule alioutaja mwenyewe ili usimfuate nyuma.

Hawakumwita mwizi. Laiti wangemwita, angejitetea. Walimshukuru kwa utumishi wake, wakamwomba arudishe filimbi. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hatoi hotuba kwanza.

Wiki tatu baadaye alipita mtaa ule akienda kutafuta kazi, kwa kuwa njia ilikuwa hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa anaegesha. Alimwona, akainua mkono nusu, salamu isiyofika. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akatoa kompyuta mpya, pochi, sweta, hata chupa ya maji. Akafunga, akajaribu kitasa mara mbili. Bwana wa gari la pembeni alimtazama mwalimu, akamtazama Kamanda, naye akarudi kuchukua mkoba wake. Dirisha likafunguka juu, mtu akaitwa, mtu akashuka mbio na funguo.

Hivyo ndivyo alivyopewa alichokiomba miaka kumi na moja. Kwa mazoea shingo yake ilitaka kuchungulia, ahakikishe hakuna gari lililosahauliwa. Akaizuia. Akaitoa mikono mifukoni, ili waione kuwa ni mitupu, akaendelea kutembea.